Mrututu

Doa la kwanza nililiona wiki ya Mfungo Tatu,
dogo, kama kalamu imevuja juu ya jani,
zambarau pembeni, katikati kahawia.
Nikasema: vumbi. Barka hii haijawahi kukosa vumbi.
Kufika Ijumaa yalikuwa kumi na manne
na jani la chini kabisa limejikunja
kama sikio la paka mgonjwa.

Bi Shinuna akachungulia juu ya ukuta.
"Jicho," akasema. "Mkaratusi mzuri hivyo, mlangoni,
nani hajauona?"
Rafiqul, anayetunza bustani tatu za mtaa huu,
akaonja maji ya kisima, akatema:
"Chumvi, Mama. Bahari inaingia chini kwa chini."
Na mwanangu Thuwaiba, kwa simu, kutoka Salala:
"Ung'oe. Panda mdimu."

Mimi nilikaa miaka ishirini na saba
maabara ya hospitali, Rustaki,
jicho kwenye darubini, kidole kwenye kihesabio.
Malaria sikuikisia. Niliihesabu.
Nikachuma jani, nikalilaza kwenye sahani nyeupe,
nikatoa lenzi ya marehemu Sleyum,
ile aliyokuwa akitengenezea saa.

Chumvi hula jani kutoka ukingoni,
kama panya anavyoanza mkate.
Hili lilikuwa limeliwa katikati.
Jicho, sijui;
lakini jicho haliachi vitone vyeusi
vidogo kuliko mbegu ya tini,
vimekaa ndani ya kila doa, vinangoja maji.
Kuvu.
Na kuvu haihitaji mengi: jani lililolala limelowa
na usiku usio na upepo.

Hapo nikaiweka lenzi chini.

Maana nani anamwagilia usiku?
Rafiqul huondoka magharibi.
Ni mimi, tangu nitoke eda,
saa nane za usiku, usingizi umenihama,
mpira wa maji mkononi, naukogesha mti
kuanzia kileleni, kama mtoto,
naungojea harufu yake ipande:
harufu ya chungu cha kujifukiza, ya blanketi,
ya Sleyum ndani ya blanketi
akikohoa na kunilalamikia
kwamba nataka kumpika mzimamzima.
Majani yalikuwa hayakauki hadi jua litoke.
Siku sitini hivyo.
Dawa yangu ya usingizi
ndiyo iliyokuwa maradhi yake.

Dukani kwa Dadkarim nikapata mrututu,
robo kilo, buluu ya kutisha. Chokaa ninayo.
"Usikorogee kwenye ndoo ya bati," akasema,
"utabaki na mpini tu.
Na nyunyiza asubuhi, jua halijaamka na hasira."
Nilichuma majani mia moja na sita
(nimeyahesabu, mkono umezoea),
Rafiqul akayachoma nyuma ya nyumba
na mtaa mzima ukanuka kifua cha mafua.
Bi Shinuna akapiga chafya, akamshukuru Mungu,
akasema jicho limeungua.
Sikumbishia.
Nikapunguza vitawi vya ndani, upepo upite.
Maji sasa ni shinani, kidogokidogo,
baada ya sala ya alfajiri.

Wiki mbili mti ulisimama na mabaka ya buluu
kama mtoto aliyepakwa dawa, anaona haya kutoka nje.

Usiku bado naamka.
Nakaa barazani, mikono mitupu,
mpira umeviringishwa msumarini.
Dadkarim hakunieleza habari ya mikono.
Nafanya nini nayo? Naikunja kanga,
naikunjua, naikunja.

Jana limetoka chipukizi la rangi ya majivu,
laini, na juu yake
kitone.
Nikaenda ndani kuchukua lenzi. Nikarudi bila lenzi.
Nikalowesha ncha ya kidole kwa mate, nikafuta.
Kikatoka.
Vumbi, safari hii.
Nikakinusa kidole
mpaka Rafiqul akauliza kama nimejikata.